Maji ya Moto, Maji ya Baridi na Friza ya Mama

Mwishoni mwa mwaka 2016 nilikasirishwa na makala ya fizikia. Mimi ni mwandishi wa habari, fizikia niliiacha kidato cha nne na hatukuagana vizuri, lakini hiyo makala niliisoma nikiwa nimesimama. Iliandikwa na watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, kwenye jarida la Scientific Reports, na kichwa chake hakikuzunguka mbuyu: maji ya moto hayapoi haraka kuliko ya baridi. Walikuwa wamerudia vipimo, wakapekua na takwimu za waliowatangulia, na hawakuona ushahidi wa maana wa kile ambacho dunia nzima inakiita athari ya Mpemba.

Mpemba wetu. Erasto Mpemba wa Magamba, Lushoto. Mtanzania ambaye jina lake liko kwenye vitabu vya fizikia vya watu wasioweza hata kuionyesha Tanzania kwenye ramani. Nikakaa chini nikaandika maneno marefu kwenye ukurasa wangu, ya uchungu kweli kweli, kwamba sasa wanataka kutunyang'anya na barafu. Watu wakapenda, wakasambaza. Katikati ya pongezi mtu mmoja nisiyemfahamu akauliza swali la maneno mawili: umewahi kujaribu?

Sikumjibu. Sikuwa nimewahi. Na kulikuwa na jambo jingine nililolijua mimi peke yangu, nalo ndilo lililonifanya nifunge simu. Nitalifikia. Kwanza historia yenyewe, maana tunaisimulia vibaya.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba. Wavulana wa shule walikuwa na mchezo wa kutengeneza aiskrimu: wananunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Jokofu lilikuwa moja na wavulana wengi, kwa hiyo palikuwa na kugombania nafasi kama tunavyogombania siti za daladala. Siku hiyo mwenzake mmoja, alipomwona Mpemba anachemsha, akaamua kuruka hatua: akakoroga maziwa mabichi na sukari, akamimina kwenye trei. Mpemba akaona nafasi ya mwisho inaondoka. Akaweka maziwa yake yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuharibu jokofu la watu. Walivyorudi baada ya saa moja na nusu, ya kwake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hurukia Dar es Salaam na profesa. Wanaruka kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mpemba mwenyewe alisimulia kwamba baadaye alikutana na rafiki yake mjini Tanga, aliyekuwa anatengeneza na kuuza aiskrimu. Rafiki akamweleza kama kitu cha kawaida tu kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Naye alikuwa amefundishwa na kaka yake. Yaani wakati mwalimu anasema haiwezekani, wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanaipatia riziki. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote.

Mpemba akaendelea na masomo ya juu Mkwawa, Iringa. Huko akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaokota msemo. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, wenzake waliitaja kwa jina lake. Kila aliyesoma bweni anajua jina la utani la namna hiyo linavyochosha. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine ya kuchemka, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja, bika ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiwa chuo kishiriki. Baada ya mhadhara, Mpemba akasimama. Akauliza: vyombo viwili sawa, maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikiwekwa kwenye friza kile cha nyuzi 100 ndicho kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani kijana amekosea. Ila alijizuia kumdhihaki, akaahidi kwenda kujaribu. Aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta majibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza, halafu akaahidi kwamba watarudia na kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Mimi fundi huyo namwelewa sana, pengine kuliko wote kwenye hadithi hii.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 kwenye jarida la Uingereza la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, na kazi yake ya maisha ikaja kuwa ya wanyama na misitu, si ya barafu. Makala ina kurasa chache, na kichwa chake ni neno moja la Kiingereza lenye maana ya ubaridi, likifuatiwa na alama ya kuuliza. Hiyo alama ya kuuliza tumeisahau. Miaka hii tunaitaja makala ile kama kombe la dunia.

Na haikuwa mara ya kwanza watu kuliona jambo hili. Aristotle aliligusa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Bacon na Descartes wakaligusa baadaye. Lilikuwa linaonekana na kusahaulika. Mpemba alichofanya ni kukataa kusahau.

Basi tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu bila kujua barafu inaundwaje huwezi kuona kwa nini swali la mwanafunzi wa Magamba limewatoa jasho watu wenye mashine za mabilioni.

Molekuli ya maji ina atomi tatu: oksijeni moja katikati na haidrojeni mbili pembeni, zimekaa kama masikio ya sungura, pembe kati yake ikiwa nyuzi 104 na nusu. Oksijeni ina uchoyo. Huvuta elektroni kuelekea kwake, kwa hiyo upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni unabaki na chaji chanya kidogo. Matokeo yake, haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Wanasayansi wanaita kani hiyo kifungo cha haidrojeni. Si kifungo kikali. Kwenye maji ya kawaida, molekuli zinashikana na kuachiana kwa kasi isiyofikirika, mabilioni na mabilioni ya mara kwa sekunde, huku zikisongamana na kupishana.

Maji yakipoa, vurugu inapungua. Yakiganda, kila molekuli inashikana na jirani wanne na haiachii: wawili inawashika kwa haidrojeni zake, wawili wanaishika kwenye oksijeni yake. Jirani hao wanne hawakai ovyo, wanakaa kwenye pembe za piramidi. Ukiziunganisha piramidi hizo moja baada ya nyingine, unapata vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki, vyenye uwazi katikati. Ndiyo maana chembe ya theluji ina pembe sita. Johannes Kepler, mnajimu wa Kijerumani, aliandika kijitabu kizima mwaka 1611 akijiuliza kwa nini sita na si tano wala saba. Alikaribia kwa kubahatisha kwamba siri iko kwenye namna vitu vidogo vinavyopangika, lakini molekuli hazikuwa zimejulikana. Ilibidi kusubiri miale ya eksirei: mwaka 1922 William Bragg alieleza mpangilio wa oksijeni ndani ya barafu, na mwaka 1933 Bernal na Fowler wakaeleza haidrojeni zinakaaje.

Aliyewahi kuangalia ngoma kwetu Usukumani, Wagika na Wagalu wakishindana, ataelewa upesi. Watazamaji wanabanana, bega kwa bega, uwanja mdogo unabeba mamia. Waambie sasa kila mtu anyooshe mikono na ashikane na wenzake wanne kwa umbali wa mikono hiyo. Uwanja hautatosha. Maji nayo yakiganda yanahitaji nafasi zaidi, kama asilimia 9. Ndiyo maana chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza inapasuka, na ndiyo maana barafu inaelea. Vitu vingi vikiganda vinazama kwenye kimiminika chake. Maji hayafuati utaratibu huo.

Ila kuna jambo ambalo shuleni sikufundishwa, au nililala siku hiyo. Maji yakifika nyuzi sifuri si lazima yagande. Nyuzi sifuri ni ruhusa, si amri. Ili barafu ianze lazima molekuli kadhaa, kwa bahati, zipangike kwenye umbo lile la vyumba sita, na kipande hicho kiwe kikubwa kiasi cha kutosambaratishwa na vurugu inayokizunguka. Kikishapatikana, wengine wanajipachika kwake. Kipande hicho ndicho mbegu. Kwa kawaida mbegu inasaidiwa na kitu kingine: chembe ya vumbi, mkwaruzo kwenye chombo, hata aina fulani za bakteria. Maji safi kabisa, yasiyo na kitu cha kuanzia, yanaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri yakiwa bado maji.

Mkoa wa Simiyu hauna theluji, na kwa wazee wengi wa Bariadi barafu ya kwanza maishani haikutoka kwenye friza. Ilitoka juu. Mvua ya mawe ni mbegu hizohizo zikifanya kazi angani. Ndani ya wingu kubwa la radi kuna matone yaliyo chini ya sifuri na bado ni maji. Kipande kidogo cha barafu kinapopita, matone yanakigonga na kugandia hapohapo, upepo unakirusha juu tena, kinavaa koti jingine, mpaka kinakuwa kizito kuliko upepo. Mkulima wa pamba hahitaji kuelezwa inachofanya kwenye shamba. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 ilifanya zaidi ya hapo: katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo iliangusha nyumba za udongo juu ya watu waliolala na kuua watu wapatao 40. Kahama iko Shinyanga, mkoa uliokuwa wetu pia mpaka Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo nikisema barafu ina mambo, sisemi tu kwa ajili ya aiskrimu.

Sasa rudi kwenye swali. Ukiuliza kipi kinaganda kwanza, unauliza nini hasa? Kipi kinafika nyuzi sifuri kwanza? Kipi kinapata mbegu ya kwanza? Kipi kinageuka barafu chote mpaka katikati? Haya ni maswali matatu, na yanaweza kuwa na majibu matatu. Mpemba na Osborne walipima muda mpaka kuganda kulipoanza. Burridge na Linden walipima muda wa kufika sifuri, wakaonyesha pia kwamba ukihamisha kipimajoto kwa takriban sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata athari isiyokuwepo. Mwaka 1995 David Auerbach alikuwa ameshaonyesha kwamba maji yaleyale, kwenye chombo kilekile, hayagandi kwenye nyuzi zilezile kila siku. Bahati ya mbegu inaingia.

Katikati ya hayo watu walijaribu kila maelezo. Kwamba maji ya moto hupungua kwa kuvukiza. Kwamba hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Kwamba mzunguko wa maji ndani ya chombo huweka tabaka la juu likiwa la moto, na hapo ndipo joto linapotokea; hili ndilo Osborne aliloliona lina uzito. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliahidi pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na zawadi ikaenda kwa Nikola Bregović wa Zagreb, ambaye naye hakudai amelimaliza. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Singapore likasema jibu liko ndani ya vifungo vyenyewe vya haidrojeni, kwamba maji ya moto yanahifadhi nguvu kwenye vifungo hivyo na kuiachia namna yake. Si wote waliokubali. Ukiwa na majibu 22,000 kwa swali moja, inabidi uanze kulitilia shaka swali.

Mimi sikutilia shaka. Na hapa ndipo lile jambo langu.

Mama yangu aliuza barafu Bariadi kwa miaka mingi. Barafu za ukwaju na za ubuyu, kwenye vile vifuko vya nailoni vilivyokuja kupigwa marufuku mwaka 2019. Friza ilikaa sebuleni, na wateja walikuwa watoto wa shule na watu wa sokoni Somanda. Alikuwa anachemsha juisi jioni na kuifunga ikiwa bado inaunguza vidole. Mimi, kidato cha tatu, nimetoka kusoma sura ya joto, nikamwambia anapoteza umeme, angesubiri ipoe. Akanijibu kwamba ya moto inaganda haraka, alifundishwa na mama mmoja wa Mwanza aliyemwanzishia biashara. Nikacheka. Nikamweleza kwa kirefu, na mchoro juu, kwamba kisayansi hilo haliwezekani.

Naam. Neno kwa neno, mwalimu wa Magamba.

Mama hakubishana. Alisema, "Sawa baba, wewe ndiye uliyesoma," akaendelea kufunga vifuko vyake. Miaka sita baadaye, chuo kikuu, nikakutana na jina la Mpemba kwenye makala ya Kiingereza, na papo hapo nikaamini. Sikujaribu wakati nakataa, sikujaribu wakati nakubali. Kilichobadilika ni nani kasema. Alivyosema mama ilikuwa ushamba. Lilivyosema jarida la Uingereza ikawa fahari ya taifa. Kisha jarida jingine la Uingereza likasema vingine, nikaita njama.

Likizo iliyofuata nilipanda basi kwenda Bariadi nikiwa na sufuria mbili ndogo za alumini, pacha, nilizonunua kwa kazi hiyo. Mama alishaacha biashara lakini friza ipo, ya zamani, ya kuota barafu ukutani na chini mpaka mlango unagoma kufunga. Nilipomwambia nimekuja kupima yale maneno yake aliniangalia kwa muda. "Yale ya lini?" Alikuwa anakumbuka vizuri sana.

Usiku wa kwanza niliweka kikombe kimoja cha maji ya mtungi kwenye sufuria moja na kikombe kimoja cha maji yaliyochemka kwenye nyingine. Kila baada ya dakika kumi nafungua, nagusa kwa kijiti. Mama akalalamika kwamba kwa kufungua huko hata mwezi mzima hakitaganda kitu, na alikuwa na hoja. Hata hivyo ya moto ikawahi. Ukoko ulianza pembeni wakati ile nyingine bado inatikisika. Sitaficha, nilipiga kelele. Usiku wa pili nikabadilishana nafasi, kushoto na kulia. Ya moto ikawahi tena. Usiku wa tatu umeme ulikatika, tukalala.

Asubuhi yake mama akaamua kuizima friza kabisa aisafishe, maana nilikuwa nimemkumbusha ilivyochakaa. Kabla barafu haijayeyuka nikaona kitu. Kwenye sakafu ya friza kulikuwa na alama mbili za mviringo, zimezama kama nyayo kwenye tope. Ni mahali sufuria ya moto ilipokaa, usiku wa kwanza kushoto, wa pili kulia. Sufuria ya baridi ilikaa juu ya barafu laini, ile nyeupe kama unga, ambayo imejaa hewa na hupitisha joto kwa shida. Ya moto iliyeyusha unga huo, ikazama, maji yaliyoyeyuka yakagandia kitako chake, ikashikana na ubaridi wa chini moja kwa moja. Ni kama mmoja kalalia godoro na mwingine sakafu.

Tulipowasha tena, safi, bila barafu laini, nikaweka sufuria juu ya vipande vya foronya ngumu ile nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni. Sikutunga: Mpemba na Osborne waliweka bika zao juu ya kitu hichohicho, makusudi, kuondoa ujanja huu wa kitako. Usiku huo ya baridi ikawahi. Usiku uliofuata ya baridi ikawahi. Wa mwisho zikakaribiana kiasi kwamba sikuthubutu kutoa hukumu.

Usiku tano za mwandishi wa habari mwenye kijiti haziamui kitu, na haziwafuti Mpemba na Osborne, ambao vipimo vyao juu ya foronya ileile vilionyesha kwamba maji yaliyoanza kwenye nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Hilo bado linahitaji maelezo. Lakini nimefika mahali pa kusema ninachoamini. Wauza aiskrimu wa Tanga na mama wa Mwanza hawakuwa na ushamba wala miujiza. Walikuwa na majokofu yaliyoota barafu, vyombo vya bati, foleni na wateja, na katika hali hizo walichosema kilikuwa kweli. Burridge na Linden wana vyombo vyao na hali zao, na sioni sababu ya kuona wanatunyang'anya. Tena wamefanya kile Mpemba alichoomba watu wafanye tangu Magamba: wamejaribu.

Jina lenyewe limeshahama kwenye maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wakiwa Kanada, walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba punje ndogo sana ya kioo iliyowekwa chini ya kani walizozipanga wenyewe inaweza kupoa upesi zaidi ikianza na joto kubwa zaidi, na hapo hakuna bahati ya mbegu wala kitako cha sufuria. Sasa hivi wanafizikia wa chembe ndogo kabisa wanazungumzia athari ya Mpemba kwenye mifumo isiyo na tone la maji. Mtu aliyesomea wanyamapori Mweka! Ningetamani wale waliomtania Mkwawa waone jina lao la utani limefika wapi.

Siku ya kuondoka nilimweleza mama yote, kuhusu barafu laini na zile alama mbili. Nikamwambia alikuwa sahihi kwa friza yake ilivyokuwa, na kwamba nilivyomcheka nilikosea. Alinisikiliza huku anafuta sakafu ya friza kwa kitambaa.

"Kwa hiyo nisingekuwa naisafisha," akasema.

"Kwa ajili ya barafu, ndiyo mama."

"Na umeme ungelipa wewe?"

Basi langu lilikuwa la saa kumi na mbili. Sufuria nilimwachia.